Pikipiki ya Kikundi Haichaji: Kabla ya Kununua Betri Nyingine



Kikundi chenye pikipiki ya zamani, tuseme Honda au Yamaha ya miaka ya 1970 au 1980 iliyokuwa ya afisa wa kilimo au ya misheni, kinazijua dalili hizi. Honi inalia kama mtu mwenye mafua. Indiketa inawaka lakini haipepesi. Taa ya nyuma imekuwa kama kaa linalozimika. Lakini injini inashika kwa kiki moja, basi kila mtu anasema, "Pikipiki iko sawa, ni betri tu." Mweka hazina anatoa pesa za chama, betri mpya inanunuliwa Embu mjini, na baada ya wiki chache mko pale pale.

Mara nyingi betri hiyo haikuwa mbovu. Ilikufa njaa. Na hili si jambo dogo kwa watu wanaoitegemea pikipiki hiyo usiku, pengine kumkimbiza mama mjamzito hospitali ya Kyeni wakati ukungu umeshuka na barabara ya Meru ina malori.

Kwanza tuelewe kwa nini injini inadanganya. Nyingi za pikipiki hizi, hasa zile ndogo za kuchanganya oili na petroli, zina koili yake ya kutoa cheche pale kwenye sumaku inayozungushwa na injini. Cheche haingoji betri. Kwa hiyo unaweza kuendesha mwezi mzima na betri iliyokufa bila kujua, mpaka jua litue.

Kuchaji kuna njia yake. Sumaku inazunguka karibu na koili nyingine, na koili hiyo inatoa stima inayokwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Betri haiwezi kupokea stima ya namna hiyo. Ndiyo maana kuna kidude kidogo kinachoitwa rektifaya, ambacho hupitisha stima upande mmoja tu, kama vali ya tairi inavyoruhusu upepo kuingia na kuuzuia kutoka. Kutoka hapo stima hupita kwenye nyaya na fyuzi hadi kwenye betri. Ikipungua njiani, betri inalala na njaa.

Jambo moja ambalo mafundi vijana waliozoea Boxer na TVS hulisahau: nyingi za pikipiki hizi za zamani ni za volti 6, si 12. Balbu ya wati 25 kwenye volti 6 hunywa karibu ampea 4. Kwenye volti 12 balbu ya wati hizo hizo hunywa ampea 2 tu. Maana yake, kutu kidogo kwenye waya ambako kwa pikipiki mpya hakusumbui, kwa hii ya zamani kunaweza kumaliza nguvu karibu yote. Kwa hiyo anza na kutu, usianze na duka.

Tafuteni mita ya kupimia volti. Fundi yeyote wa redio anayo, na si vibaya kikundi kuwa na yake. Chajini betri vizuri, iacheni ipumzike saa kadhaa, kisha pimeni. Betri nzima ya volti 6 itasoma kama 6.3, na ya volti 12 itasoma kama 12.6. Ikishuka sana kwa usiku mmoja bila kutumika, hata ikiwa imetolewa kwenye pikipiki, hiyo kweli imechoka. Ikishuka ikiwa imefungwa tu, kuna waya unaoinyonya.

Sasa ifungeni, washeni injini, wekeni mita kwenye vichwa viwili vya betri, kisha ongezeni moto polepole. Ya volti 6 inapaswa kupanda ipite 7. Ya volti 12 ifike karibu 14. Ikikaa pale pale ilipokuwa kabla ya kuwasha, haichaji. Msihukumu injini ikiwa imetulia bila mwendo, maana hapo hata iliyo nzima hutoa kidogo sana.

Ikiwa haichaji, fuateni njia. Fungueni kila kiungio cha waya, kisugueni kwa msasa mpaka kimetemete, mkifunge tena kwa nguvu. Msisahau waya unaofungwa kwenye fremu, maana chini ya nati yake kuna rangi, matope na miaka mingi ya mvua. Kisha wakati injini inanguruma, wekeni ncha moja ya mita kwenye waya unaotoka rektifaya na nyingine kwenye kichwa cha betri cha upande wa chanya. Mkiona zaidi ya nusu volti, basi hiyo ndiyo inayopotea njiani. Fanyeni vivyo hivyo kati ya kichwa cha hasi na chuma cha injini. Kipimo hiki kimoja kinaweza kuwaokolea bei ya betri.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi huikosa: inachaji vizuri mchana, lakini ukiwasha taa kubwa inakufa. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii swichi ya taa ndiyo inayoongeza sehemu nyingine ya koili usiku ili kulipa mzigo wa taa. Swichi ikiwa chafu ndani, taa inakula lakini nyongeza haiji. Isafisheni. Tena angalieni balbu, kama kuna mtu aliyeweka kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki ili aone mbali. Koili haikuumbwa kulisha balbu hiyo.

Kama nyaya ni safi, tenganisheni rektifaya. Kwa betri na balbu ndogo, stima ipite ukiunganisha upande mmoja na ikatae ukigeuza. Ikipita pande zote mbili au ikikataa zote, imeungua. Kinachoiunguza zaidi ni kugeuza nyaya za betri. Pikipiki za Kijapani hufunga hasi kwenye fremu, lakini za Uingereza za zamani, kama BSA na Triumph, nyingi zilifunga chanya. Someni kwanza. Msitoe betri injini ikiwa inawaka, kwani zile zisizo na regyuleta hutegemea betri kumeza stima iliyozidi. Ndiyo maana pikipiki yenye betri kavu huunguza balbu kila mara.

Koili ije mwisho. Tenganisheni nyaya zake, wekeni mita kwenye kipimo cha stima ya kwenda na kurudi, na washeni. Volti zipande kadiri injini inavyopanda. Zisipopanda, waya umekatika au koili imeungua. Fundi akifungua sumaku, atumie chombo chake cha kuivutia, si nyundo. Sumaku ikigongwa inaweza kupoteza nguvu, na ikishapoteza hakuna koili mpya itakayosaidia.

Betri yenyewe iongezeeni maji yaliyosafishwa ya betri tu, si ya mfereji, wala asidi. Ichajini kwa sehemu ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampea 4 kwa saa ipate 0.4, si ile mashine ya kuchajia magari inayoichemsha. Pasiwe na sigara karibu. Asidi ikimwagikia ngozi au jicho, osheni kwa maji mengi mara moja, na kama ni jicho nendeni hospitali.

Andikeni namba zote kwenye daftari la chama pamoja na tarehe. Mweka hazina akiletewa bili ya koili au rektifaya, aombe ile kuukuu irudishwe, na volti za kabla na za baada.