Je, Wajua? Afisa wa jeshi haachi kuwa mwanafunzi

Katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1, 1964, kijana anayehitimu mafunzo ya uafisa katika Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli hutunukiwa kamisheni, yaani idhini ya Amiri Jeshi Mkuu ya kuwa afisa, na huanza na cheo cha Luteni Usu, chenye nyota moja begani. Lakini nyota hiyo humfungulia tu safari ndefu ya masomo.

Afisa akifikia ngazi ya kati, huweza kuteuliwa kwenda Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, Duluti, mkoani Arusha. Ukamanda ni uongozi wa kikosi. Unadhimu, neno linalostahili kutazamwa kwa makini kwa kuwa lina mzizi mmoja wa Kiarabu na nidhamu, ni kazi ya kupanga: mnadhimu hukusanya taarifa, hupima uwezo wa vikosi, huandaa mipango ya vita na ugavi, kisha humshauri kamanda, ambaye ndiye mwenye uamuzi.

Juu zaidi kipo Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, Dar es Salaam, kilichozinduliwa mwaka 2012 na Rais Jakaya Kikwete, mwenyewe Luteni Kanali mstaafu. Hapo maafisa waandamizi husoma mikakati ya usalama wa taifa, pamoja na uchumi na siasa, wakiwa darasa moja na watumishi wa umma wasiovaa sare; na mchanganyiko huo ndio hasa thamani ya chuo hicho.