Bosi Hajalipa, Unakatiwa Wewe: Akaunti Mama na Watoto Wake

Juzi dogo mmoja kaniuliza swali, nikaona nisimjibu peke yake maana linawahusu wengi. Kasema hivi: "Kaka, mimi nimelipia saa yangu nzima, iweje nikatiwe intaneti kwa deni la mtu nisiyemjua?"

Swali zuri sana. Limenikumbusha mbali.

Miaka ya nyuma nilikuwa nashika kafe moja zamu ya jioni. Kompyuta kumi. Chini kulikuwa na duka la stesheneri, juu hosteli ya wanafunzi. Wote watatu tulitumia laini moja, akaunti moja, jina moja na neno la siri moja. Kila mwezi tunachanga, mwenye jengo analipa. Mwezi mmoja hosteli hawakutoa mchango wao, hela ikapungua, kampuni ikakata. Ilikuwa kama saa mbili usiku, na kuna dada alikuwa anajaza maombi ya chuo, siku ya mwisho. "Kaka, mbona imekata?" Nilikosa jibu. Tukakimbia kafe ya mtaa wa pili, akawahi kwa shida. Lakini angeweza kukosa mwaka mzima wa masomo kwa deni la watu wa ghorofani ambao hata hawajui sura.

Kosa lilikuwa wapi? Hosteli walikosea kutotoa mchango, sawa. Ila kosa kubwa ni kwamba kwenye programu ya kampuni sisi watatu tulionekana kama mteja mmoja. Hakuna aliyeweza kukatwa peke yake.

AKAUNTI MAMA NI NINI?

Programu za kuendesha mitandao zinaruhusu kupanga wateja kwa ngazi. Juu anakaa akaunti mama, yaani mwenye mkataba anayepokea ankara. Chini yake wanakaa watoto: kafe, stesheneri, hosteli. Na mtoto naye anaweza kuwa na watoto wake, mfano kafe ikatoa vocha za saa moja moja kwa wateja. Wewe uliyekaa kwenye kompyuta namba 6 uko chini kabisa ya ukoo huo.

Ndani ya programu jambo lenyewe ni jepesi. Kila mteja ana namba yake, na pembeni kuna nafasi ya kuandika namba ya mama yake. Pakiwa patupu, huyo ndiye mkubwa wa ukoo. Programu ikitaka kujua nani alipe, inapanda ngazi kwa ngazi mpaka juu. Ikitaka kujua nani waathirike, inashuka. Ndiyo maana programu nzuri inakataa ukijaribu kumfanya mtu awe mama wa bibi yake, maana ingezunguka bila kufika.

MLANGONI ANAKAA NANI?

Ukiandika jina na neno la siri, ruta kwa kawaida haiamui yenyewe. Inauliza seva, na lugha inayotumika sana hapo inaitwa RADIUS. Kanuni zake zinazotumika mpaka leo zilitolewa mwaka 2000. Seva inajibu: mruhusu au mkatalie, na kasi yake ni hii. Baada ya hapo ruta inatuma taarifa: ameingia saa ngapi, katumia kiasi gani, katoka saa ngapi.

Sasa sikilizeni hapa. RADIUS haijui ukoo. Ukichukua FreeRADIUS, ambayo ni ya bure na inatumika sana, hifadhi yake ya kawaida inajua jina la mtumiaji na kundi lake, basi. Mama na watoto wanaishi kwenye programu ya ankara. Ile ndiyo inayomwambia RADIUS "huyu mfungie".

Kwa hiyo yanatokea mambo mawili yanayowachanganya watu. Kwanza, mteja kafungiwa lakini bado anapeta, kwa sababu alishaingia kabla na hakuna aliyemtoa. Mpaka atoke na kuingia tena ndipo anakutana na ukuta, au seva itume amri ya kumtoa hapo hapo. Pili ni kinyume chake: bosi kalipa, lakini kwako hakuna kitu. Mara nyingi dawa ni kuzima na kuwasha muunganisho ili ruta iulize upya. Kabla hujagombana na mhudumu, jaribu hilo.

KASI NAYO INARITHIWA

Mtoto hawezi kupata zaidi ya alichonacho mama. Kwenye ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo vifaa vyake vimejaa kwenye kafe nyingi, kila foleni ina namba mbili muhimu. Ya kwanza ni limit-at, kasi unayoahidiwa hata watu wakijaa. Ya pili ni max-limit, mwisho wako hata kukiwa hakuna mtu.

Tuseme mama ana megabiti 20 kwa sekunde. Kafe unaiahidi 8, stesheneri 4, hosteli 4. Jumla 16. Zinabaki 4 za kugombaniwa, na usiku stesheneri wakifunga, kasi yao wanachukua wengine. Safi. Lakini admini akiahidi 10, 10 na 10 juu ya laini ya 20, hizo ni ahadi hewa. Jioni wote wakiingia, kila mtu atalalamika na kila mtu atakuwa na haki.

KWA MNAOSHIKA KAFE

1. Kila tawi liwe na akaunti yake, jina lake na neno lake la siri. Msichangie moja kama tulivyofanya sisi.
2. Amueni mapema: mtoto asipolipa, akatwe nani? Programu nyingi zinakuruhusu kumsimamisha mtoto na kumwacha mama na ndugu zake. Lakini ukimsimamisha mama, mara nyingi ukoo wote unazimika. Usibonyeze hapo bila kusoma.
3. Ankara moja kwa mama ni sawa, ila iorodheshe matumizi ya kila mtoto. Hapo ubishi wa "mimi sikutumia" unaisha.
4. Mpe mtu uwezo wa ngazi yake tu. Kijana wa zamu anahitaji kutengeneza vocha, hahitaji neno la siri la akaunti mama. Na akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.
5. Tawi likihama au likiuzwa, mwondoe mtoto kwa mama ukiacha kumbukumbu zake. Ukimfuta kabisa, deni lake nalo unaweza kulipoteza.

NA WEWE MTEJA?

Aliye juu yako anaona zaidi ya unavyodhani: saa uliyoingia, muda uliokaa, kiasi ulichotumia, kifaa ulichotumia. Neno lako la siri la barua pepe halioni kama ukurasa umefungwa vizuri, lakini tovuti uliyoitembelea mara nyingi anaweza kuijua. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana yao ya mwaka 2019. Taarifa zako si za bosi kuchezea atakavyo.

Kwa hiyo ukienda kufanya jambo la maana, maombi ya chuo, ya mkopo au ya kazi, uliza kwanza: "Hii laini ni yenu wenyewe au mnachangia?" Usione aibu. Wakichangia, usisubiri siku ya mwisho, na kazi yako ihifadhi kila hatua.

Yule dogo nimemjibu hivyo hivyo. Saa yake alilipa kweli, ila alimlipa mtoto, na mama alikuwa anadaiwa. Alichostahili ni kurudishiwa hela yake na kafe, maana kafe ndiyo iliyomuuzia.

Yamewahi kuwakuta haya? Nyie mnaoendesha kafe, mnagawaje? Tupieni maoni hapo chini, tusaidiane.