Kabla ya Msingi Kuchimbwa: Mambo ya Kuzingatia Katika Kumpata Mkandarasi Aliyesajiliwa

Kwa familia nyingi nchini, nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote zitakazopata kumiliki. Hujengwa kwa akiba ya miaka mingi, kwa mikopo ya vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, kwa kiinua mgongo cha mstaafu au kwa fedha zinazotumwa na ndugu walioko nje ya nchi. Hata hivyo, uamuzi wa nani akabidhiwe kazi hiyo mara nyingi hufanywa kwa maelewano ya mdomo, bila mkataba na bila kuthibitisha kama anayepewa kazi ana sifa za kuifanya.

Madhara ya ujenzi usiosimamiwa ipasavyo yanafahamika. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo jingine la ghorofa liliporomoka katika eneo la biashara la Kariakoo na kusababisha vifo vya watu zaidi ya 20, hali iliyomfanya Waziri Mkuu kuunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Hayo yalikuwa majengo makubwa, lakini kanuni zinazolinda uhai ndani ya ghorofa ndizo zinazolinda uhai ndani ya nyumba ya familia.

Fundi na mkandarasi

Watu wengi huyachukulia maneno haya mawili kuwa na maana moja. Fundi ni mtu mwenye ujuzi wa kazi fulani, kama vile uashi, useremala, umeme au bomba. Mkandarasi ni mtu au kampuni inayobeba jukumu la kazi nzima: kuajiri mafundi, kununua vifaa, kusimamia usalama, kufuata michoro na kukabidhi jengo likiwa limekamilika. Fundi hodari ni muhimu katika kila ujenzi, lakini ustadi wake wa kujenga ukuta ulionyooka haumfanyi kuwa mtu wa kuamua ukubwa wa msingi au idadi ya nondo katika nguzo.

Kwa Tanzania Bara, shughuli za ukandarasi zinaongozwa na Sheria ya Usajili wa Makandarasi Na. 17 ya mwaka 1997, iliyoanzisha Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Sheria hiyo inazuia mtu au kampuni isiyosajiliwa kufanya biashara ya ukandarasi. Makandarasi wa majengo wamegawanywa katika madaraja saba. Wa daraja la kwanza wanaruhusiwa kufanya kazi za thamani yoyote, na kiwango cha juu cha thamani ya kazi hupungua kadiri daraja linavyoshuka hadi la saba. Kwa sababu hiyo, mwenye nyumba ya kawaida hana ulazima wa kutafuta kampuni kubwa. Makandarasi wa madaraja ya chini wamesajiliwa kwa ajili ya kazi za kiwango hicho.

Kuthibitisha usajili

Hatua ya kwanza ni kumwomba mkandarasi cheti chake cha usajili. Mwananchi anapaswa kutazama mambo matatu: jina lililoandikwa, aina ya ukandarasi na daraja. Kampuni iliyosajiliwa kwa kazi za umeme haiwi mkandarasi wa majengo kwa kuwa tu ina cheti cha Bodi. Vilevile, cheti cha kampuni moja hakimhusu mtu mwingine anayekiazima ili apate kazi.

Kuona karatasi pekee hakutoshi. Makandarasi hutakiwa kulipa ada ya kila mwaka, na wanaokiuka masharti wanaweza kufutiwa usajili ilhali cheti cha zamani bado wanacho mkononi. Ni vyema kulinganisha taarifa za cheti na orodha iliyopo kwenye tovuti ya Bodi, au kuuliza katika ofisi zake za kanda. Baada ya hapo, inafaa kutembelea nyumba mbili au tatu alizojenga mkandarasi huyo na kuzungumza na wanaoishi humo, hasa walioishi kwa misimu kadhaa ya mvua, kwa kuwa paa linalovuja na msingi unaotitia havionekani siku ya makabidhiano.

Michoro na kibali hutangulia

Mkandarasi hujenga kilichochorwa. Ikiwa hakuna michoro, hakuna kipimo cha kusema kazi imefanywa vizuri au vibaya. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi husajiliwa na Bodi yao chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, na wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mbunifu huandaa michoro ya mpangilio wa jengo, mhandisi huandaa michoro ya uimara wake, na mkadiriaji huandaa mchanganuo wa kazi, vifaa na gharama.

Mchanganuo huo humlinda mwenye nyumba wakati wa kulinganisha bei. Chukulia kuwa amepokea bei mbili, moja ya shilingi milioni 60 na nyingine ya shilingi milioni 45. Bila mchanganuo, hawezi kujua kama tofauti ya milioni 15 ni nafuu ya kweli, au ni nondo nyembamba, saruji pungufu na shimo la maji taka lililoachwa nje ya hesabu.

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ya eneo husika baada ya kuwasilishwa michoro na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja. Kuanza kazi bila kibali humweka mwenye nyumba katika hatari ya kusimamishiwa ujenzi au kubomolewa, na hasara hiyo humwangukia yeye.

Mkataba na malipo

Makubaliano yanapaswa kuandikwa na kusainiwa kabla ya fedha yoyote kutolewa. Mkataba mzuri hutaja wahusika, eneo la kiwanja, michoro itakayofuatwa, bei, muda wa kuanza na kumaliza, utaratibu wa malipo, namna ya kubadilisha kazi na njia ya kutatua migogoro. Mabadiliko yoyote, hata ya kuongeza dirisha moja, yaandikwe pamoja na gharama yake.

Malipo yafuate kazi iliyokamilika: msingi, kuta, lenta, paa, kisha umaliziaji. Mkandarasi anaweza kuhitaji malipo ya awali ili kuanza, lakini kiasi hicho kisizidi mahitaji ya hatua ya kwanza. Ni kawaida pia mkataba kuruhusu sehemu ndogo ya malipo kuzuiwa hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Katika mkataba wa shilingi milioni 60, asilimia 5 ni shilingi milioni 3, kiasi kinachotosha kumrudisha mkandarasi endapo mlango utagoma kufunga au bomba litavuja miezi kadhaa baada ya makabidhiano. Kila malipo yawe na risiti.

Usimamizi wakati wa ujenzi

Kumpata mkandarasi aliyesajiliwa hakumwondolei mwenye nyumba wajibu wa kufuatilia. Zege, kwa mfano, huendelea kupata nguvu kwa wiki kadhaa, na uimara wake hupimwa kwa kawaida likifikisha siku 28. Likiachwa likauke haraka kwa jua bila kumwagiliwa maji katika siku za mwanzo, hupoteza sehemu ya nguvu hiyo hata kama saruji ilitosha. Nondo nazo zikishafunikwa kwa zege haziwezi kuhesabiwa tena. Hivyo mhandisi azikague kabla zege halijamwagwa.

Eneo la ujenzi linapaswa kuwa na bango linaloonesha wahusika wa mradi. Bango hilo humwezesha jirani, mkaguzi na mpita njia kujua nani anawajibika. Mkandarasi anawajibika pia kuzingatia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, kwani mafundi wanaofanya kazi juu ya jukwaa wanastahili kurudi nyumbani salama.

Ukarabati si kazi ndogo

Tahadhari zaidi inahitajika nyumba inapobadilishwa. Msingi uliojengwa kubeba nyumba ya chini haukukusudiwa kubeba ghorofa. Ukuta unaoonekana kuwa kizuizi tu kati ya sebule na chumba huenda ndio unaobeba slabu au paa. Kuuondoa ili kupanua sebule bila ushauri wa mhandisi ni kuhatarisha maisha ya wote waliomo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa unaozidi kupanuka usizibwe kwa plasta kabla ya kujulikana chanzo chake, kwa sababu plasta huficha dalili na kuuacha ugonjwa. Mabadiliko yanayogusa uimara au matumizi ya jengo nayo huhitaji idhini ya halmashauri.

Pale mambo yanapokwenda kombo

Mwananchi asiyeridhika aanze kwa kumwandikia mkandarasi, akitaja kasoro na kifungu cha mkataba kilichokiukwa. Asiposikilizwa, anaweza kuwasilisha malalamiko kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yenye mamlaka ya kumchukulia hatua mkandarasi iliyemsajili, au kufungua shauri mahakamani. Anayeona jengo lenye dalili za hatari atoe taarifa kwa halmashauri bila kusubiri.

Njia hizo zote zinahitaji mambo mawili: mtu anayejulikana kwa jina na nyaraka zinazoonesha alichokubali kufanya. Mwananchi aliyempa kazi mtu asiyesajiliwa, kwa ahadi ya mdomo na malipo yasiyo na risiti, atapata shida kuthibitisha madai yake. Ndiyo maana uthibitisho wa usajili na mkataba ulioandikwa vinapaswa kuwepo kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.