Je, Wajua? Sungura Wako Anaishi kwa Nyasi Kavu

Sungura amekuwa mnyama wa kupendwa katika nyumba nyingi za mjini. Hana kelele, na watoto humzoea tangu siku anapoletwa ndani ya boksi. Kwa kawaida familia huwa imeshamwandalia karoti, kabichi na sukumawiki. Kinachosahaulika ni kile anachokihitaji kuliko vyote: hei, yaani nyasi zilizokatwa zikiwa bado kijani kisha zikaanikwa mpaka zikakauka vizuri. Asilimia 80 hivi ya mlo wa sungura mkubwa inapaswa kuwa hei, na kila siku apate rundo linalolingana na ukubwa wa mwili wake. Hapa tumekukusanyia mambo yatakayokuonyesha kwa nini, na kwa nini ukavu wa nyasi hizo ni suala la kufa na kupona.

…kuwa meno ya sungura hayakomi kukua?

Sungura ana meno 28, na yote hukua maisha yake yote. Yale ya mbele hurefuka takriban milimita 2 kila wiki. Ukimchungulia mdomoni utaona mawili makubwa juu, lakini nyuma yake yamejificha mengine mawili madogo, membamba. Panya hana meno hayo ya nyuma. Mwaka 1912 mtaalamu wa Marekani, James Gidley, alipendekeza sungura na ndugu zake watengwe na jamii ya panya na wahesabiwe kuwa kundi lao wenyewe.

Kinachoyasaga meno ya sungura ni nyasi. Ndani ya majani yake mna chembe ngumu za silika, na sungura akila hei hupeleka taya upande hadi upande, hata mara 120 kwa dakika. Kabichi hulainika upesi mdomoni, haimpi kazi hiyo. Magego yasiposagika hutoa ncha kali zinazochoma ulimi na mashavu, na mnyama huacha kula ilhali njaa inamuuma.

…kuwa sifa ya karoti ilienezwa na katuni?

Sungura wa katuni Bugs Bunny alijulikana mwaka 1940 katika filamu fupi *A Wild Hare*, akiwa na karoti mkononi. Wachoraji wake walieleza kuwa mtindo ule waliuchukua kwa mwigizaji Clark Gable, aliyekuwa akitafuna karoti huku akizungumza katika filamu *It Happened One Night* ya mwaka 1934. Karoti ina sukari nyingi kwa tumbo la sungura. Mpe kipande kidogo mara moja moja, baada ya kula hei yake.

…kuwa chakula cha sungura hupita tumboni mara mbili?

Mwanzoni mwa utumbo mpana wa sungura kuna mfuko mkubwa kuliko hata tumbo lenyewe, uliojaa bakteria wanaochachusha majani. Baada ya kuchachuka, sehemu ya chakula hicho hutoka kama vitonge laini vyenye utando, na sungura huvila moja kwa moja kutoka mkunduni. Mfaransa Morot, daktari wa mifugo, alilieleza jambo hili mwaka 1882. Vitonge hivyo vina protini na vitamini za kundi B, kwa hiyo usishtuke wala usimzuie.

Nyuzinyuzi za hei ndizo zinazousukuma mtambo huu wote. Zikikosekana, utumbo hupooza, gesi hujaa, na kwa kuwa sungura hawezi kutapika, hana njia ya kujiokoa. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni mgonjwa wa dharura. Usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

…kuwa mojawapo ya nyasi bora za hei ni ya Afrika?

Wafugaji wa Ulaya na Marekani Kaskazini huwalisha sungura wao timothy, nyasi iliyopewa jina la Timothy Hanson, mkulima aliyeieneza katika makoloni ya Marekani katika karne ya 18. Kwetu Afrika Mashariki hatuna haja ya kuiagiza. Boma Rhodes inayouzwa kwa marobota Kenya na Tanzania inatokana na nyasi ya asili ya Afrika. Jina lake linatokana na Cecil Rhodes, aliyeipanda kwenye shamba lake karibu na Cape Town mwaka 1895, lakini ng'ombe na pundamilia wa bara hili walikuwa wakiila karne nyingi kabla yake.

Jihadhari na lusina (alfalfa). Ina protini na kalsiamu nyingi, inamfaa sungura mchanga asiyefikisha miezi sita na jike anayenyonyesha. Mwili wa sungura hufyonza kalsiamu karibu yote iliyomo kwenye chakula kisha hutoa ziada kwa mkojo. Ndiyo maana mkubwa anayelishwa lusina kila siku anaweza kupata mchanga na mawe kwenye kibofu.

…kuwa robota linaweza kufungwa kwa sanduku la mbao?

Mkulima asiye na mashine hutengeneza sanduku lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45, lililo wazi juu na chini. Hutandika kamba mbili ndani yake, hujaza nyasi zilizokauka, huzikanyaga kwa miguu mpaka zishikamane, kisha hufunga kamba na kulinyanyua sanduku. Robota lililoshindiliwa vizuri hufikia kilo 20 hivi.

Sasa piga hesabu yako. Sungura wa kilo mbili akila gramu 100 kwa siku, robota hilo lingemtosha siku 200. Ni muda mrefu mno kwa nyumba ya mjini, hasa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar, ambako hewa yenyewe ina unyevu na hei huufyonza. Gawaneni robota na jirani mwenye sungura au mbuzi, au mwombe muuzaji akupimie gunia moja. Nunua baada ya mavuno ya msimu wa mvua, wakati nyasi ni nyingi sokoni. Kiangazi kikikaza, bei hupanda.

…kuwa mkonge wa Tanga ulifunga hei ya dunia?

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge Tanganyika kutoka Florida. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa, ni 62 tu iliyofika hai. Kutoka hiyo yakaota mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, na kufikia miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikiongoza duniani kwa mkonge. Sehemu kubwa iliishia kuwa kamba za kufungia marobota na miganda ya nafaka katika mashamba ya Ulaya na Marekani, mpaka kamba za plastiki zilipoivunja biashara hiyo.

Kwa sungura tofauti kati ya kamba ya mkonge na ya plastiki bado ina maana. Nyuzi za plastiki akizimeza zinaweza kuziba utumbo. Kata kamba ya robota, hesabu vipande, uvitoe vyote kabla hujamwekea chakula.

…kuwa harufu ya hei nzuri imo kwenye manukato?

Ile harufu tamu ya nyasi zinazokauka hutokana na kemikali iitwayo kumarini. Mwingereza William Henry Perkin aliitengeneza maabara mwaka 1868, na mwaka 1882 kampuni ya Houbigant ya Paris ikaitia kwenye manukato yake, Fougère Royale.

Kwa hiyo ukienda kununua, tumia pua kabla ya pesa. Mwombe muuzaji akufungulie robota, kisha ingiza mkono hadi katikati, kwani nje hukauka kwanza na kukudanganya. Hei nzuri ni ya kijani au kijani-manjano, inanukia, na kiganjani ni kavu na baridi. Chukua fumba, lisokote kama anayekamua nguo: mabua yakikatika, ni kavu; yakipinda tu bila kuvunjika, bado yana maji. Rangi ya kijivu, madoa meusi, vumbi jeupe linalopaa au harufu ya chumba kilichofungwa ni sababu ya kuondoka bila kununua, hata bei ikipunguzwa nusu.

…kuwa hei iliyovunda ilituletea dawa ya hospitalini?

Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa kuvuja damu. Kidonda kidogo cha kukatwa pembe kilitosha kuwamaliza. Daktari wa mifugo Frank Schofield wa Ontario alishuku hei ya klova tamu iliyoota ukungu ghalani. Alichukua mabua mazima na mabua yaliyoharibika kutoka lundo lile lile, akampa sungura mmoja yale mazima na mwingine yale mabovu. Wa kwanza alibaki na afya. Wa pili alikufa kwa kuvuja damu.

Februari 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin aliendesha gari katika dhoruba ya theluji hadi chuo kikuu cha Madison, akiwa na mtamba aliyekufa, kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na hei iliyovunda. Alimkuta mwanakemia Karl Paul Link. Mwaka 1939 maabara ya Link iliipata sumu yenyewe: ukungu huibadilisha kumarini, ile ile yenye harufu nzuri, ikawa kitu kinachozuia damu kuganda. Kutoka utafiti huo ikatoka warfarini, iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na kuanzia mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu. Leo wagonjwa wa moyo huitumia chini ya uangalizi wa daktari.

Si kila ukungu hutoa sumu hiyo, lakini ipo mingine mingi inayoua. Ukungu ukiuona sehemu moja ya robota, usidhani kuchambua kunatosha. Lililobaki nalo si salama kwa sungura.

…kuwa nyasi mbichi ghalani huweza kuwaka zenyewe?

Nyasi iliyosimama shambani ina maji ya asilimia 75 hadi 80. Ikiwekwa robotani unyevu unatakiwa uwe umeshuka hadi 15 au chini ya hapo. Ukizidi, bakteria na kuvu huanza kazi na kutoa joto, na lundo kubwa hulizuia joto hilo lisitoke. Ghala nyingi zimeteketea bila kiberiti, mara nyingi ndani ya wiki sita za mwanzo. Wakulima huchoma kipimajoto kirefu katikati ya lundo: nyuzi 65 ni onyo, na zikikaribia 80 huita zimamoto kabla ya kulifungua, kwani hewa ikiingia ghafla moto hulipuka.

Gunia lako moja haliwezi kufika huko. Hata hivyo, ukigusa katikati ya robota jipya ukakuta vuguvugu, fahamu limefungwa kabla ya kukauka, na ukungu uko njiani.

…kuwa vumbi la hei lina ugonjwa wake?

Mwaka 1932 daktari J. M. Campbell alieleza hali ya wakulima wa kaskazini mwa Uingereza waliokohoa na kukosa pumzi baada ya kushika hei iliyovunda. Ugonjwa huo sasa huitwa pafu la mkulima, na husababishwa na chembe za vijidudu vilivyoota kwenye nyasi zenye unyevu. Sungura hupumua kwa pua tu, na pua yake imo ndani ya rundo siku nzima. Kung'uta hei nje ya nyumba, ukiwa umeziba pua na mdomo, kabla ya kumwekea.

…kuwa sungura ana ndugu anayeweka akiba ya hei?

Milimani magharibi mwa Amerika Kaskazini anaishi pika, mnyama mdogo wa ukoo wa sungura. Wakati wa kiangazi hukusanya majani na maua, akayalundika chini ya miamba ili yamfae theluji ikifunika malisho. Watafiti wamegundua kwamba huokota pia mimea yenye kemikali kali asizoziweza ikiwa mbichi. Kemikali hizo huhifadhi lundo lisioze, na miezi ikipita hupungua nguvu, naye huila.

…kuwa plastiki ndiyo adui wa kwanza wa hei yako?

Sungura wako hana miamba, kwa hiyo kazi ya ghala ni yako. Hei iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki hutoa jasho na kuota ukungu. Tumia gunia la katani, foronya ya pamba au boksi la karatasi lenye matundu. Usiliweke juu ya saruji, kwani sakafu hupandisha unyevu. Weka chaga au mbao juu ya matofali, na acha nafasi ya hewa kati yake na ukuta. Funika lisipigwe na jua moja kwa moja, maana jua likizidi huondoa rangi na vitamini. Zuia panya: mkojo wao hueneza homa ya mgunda, iliyotangazwa mkoani Lindi Julai 2022, ambayo huwapata watu na wanyama.

Kizimbani, weka hei kwenye kihori kilichoinuka, karibu na mahali anapojisaidia, kwa sababu sungura hupenda kula na kujisaidia kwa wakati mmoja. Toa iliyolowa kila asubuhi, ongeza mpya. Usisahau maji: anayekula chakula kikavu huhitaji mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku.

Na robota likiharibika, lisikuume. Litandaze bustanini kufunika udongo wa mchicha na nyanya, mbali na sungura na mbuzi, kisha ununue jingine lililo kavu.