Pikipiki zinalipia barabara, njia zake nani anazilipia?

Mvua za masika zikianza, ujumbe mnaotutumia studioni hufanana. Pikipiki imekwama korongoni. Magogo ya kivukoni yamesombwa na maji. Mama mjamzito ameshushwa, akavushwa kwa mikono ya watu, kisha akapandishwa pikipiki nyingine ng'ambo ili awahi zahanati. Mkulima ana magunia ya mahindi nyumbani, lakini bodaboda wamepandisha nauli mara mbili kwa sababu ya tope.

Mara nyingi ujumbe huo huishia na swali. Hizi njia ambazo gari halipiti lakini pikipiki inapita kila siku, ni za nani? Nani anapaswa kuzitengeneza, na fedha zitoke wapi?

Leo tunajaribu kulijibu swali hilo hatua kwa hatua. Jibu fupi ni hili: mwendesha pikipiki anachangia fedha za barabara kila anapojaza mafuta, kwa hiyo ana haki ya kuuliza. Lakini kuuliza peke yake kijiweni hakutoshi. Kuna mahali pa kuulizia, kuna wakati wake, na kuna watu wa kwenda nao.

Unalipa bila kupewa risiti

Bei ya lita moja ya petroli ina vitu vingi ndani yake. Kimojawapo ni tozo ya barabara. Huioni, kwa sababu imekatwa kabla mafuta hayajafika kituoni. Hata ukinunua petroli ya chupa dukani kijijini, tozo imo ndani ya bei hiyo.

Mwaka 2021, katika bajeti ya 2021/22, serikali ya Tanzania iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na sababu iliyotolewa ilikuwa kupata fedha za barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Tozo nyingine ya barabara ilikuwepo tayari kabla ya hapo. Sisi tuchukue ile mia peke yake tupige hesabu.

Tuseme bodaboda mmoja anatumia lita 3 kwa siku. Hiyo ni shilingi 300. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 7,800. Kwa mwaka inafika shilingi 93,600. Kijiji chenye bodaboda 20 kinachangia shilingi 1,872,000 kwa mwaka kutokana na mia ile moja tu. Fedha hizo haziwezi kujenga barabara ya lami, lakini zinaweza kununua mbao, misumari na saruji za vivuko kadhaa.

Kenya nako kuna tozo kama hiyo. Mwezi Julai 2024 ilipanda kutoka shilingi 18 za Kenya hadi 25 kwa lita. Kwa hiyo hoja tunayoieleza hapa inawahusu na wasikilizaji wetu wa upande huo, ingawa ofisi za kwenda si zilezile.

Fedha hizo zinakwenda wapi?

Kwa Tanzania, tozo hiyo inaingia kwenye Mfuko wa Barabara. Kutoka hapo inagawanywa. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya, za mijini na vijijini, zinasimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 chini ya TAMISEMI. Mtandao wa TARURA una zaidi ya kilomita 140,000, na sehemu kubwa ni barabara za udongo. Meneja wa TARURA wa wilaya yako ana barabara nyingi kuliko fedha alizonazo.

Hapo kuna vizingiti viwili ambavyo ni vizuri kuvijua mapema.

Kizingiti cha kwanza ni orodha. TARURA hupanga bajeti kwa barabara zilizomo kwenye orodha yake. Njia iliyoanza kama ya mbuzi, ikawa ya baiskeli, na sasa inapitisha pikipiki hamsini kwa siku, huenda haimo kabisa kwenye orodha hiyo. Kwa macho ya bajeti, njia hiyo haipo.

Kizingiti cha pili ni kwamba Mfuko wa Barabara uliundwa kwanza kabisa kwa ajili ya matengenezo ya barabara zilizopo. Kufungua njia mpya kunapata sehemu ndogo. Ndiyo maana ombi la "tujengewe barabara" mara nyingi hukwama, wakati ombi la "njia hii iingizwe kwenye orodha, kisha itengenezewe vivuko viwili" lina nafasi kubwa zaidi.

Wamarekani walidai vipi?

Kuna nchi ambako waendesha pikipiki za porini walishalisukuma suala hili hadi likawa sheria. Nchi hiyo ni Marekani.

Huko pia kuna kodi ya mafuta inayoingia kwenye mfuko wa barabara kuu. Lakini wapo watu wanaoendesha pikipiki za porini, pikipiki za magurudumu manne na zile za kwenye theluji. Hoja yao ilikuwa rahisi: mafuta tunayochoma msituni na milimani hayachakazi barabara ya lami hata kidogo, lakini kodi yake inakwenda huko. Sehemu ya kodi hiyo irudi ikatengeneze njia tunazopita.

Mwaka 1991 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoanzisha mfuko wa njia hizo, uliopewa jina la Seneta Steve Symms wa jimbo la Idaho. Hata hivyo sheria kupita ni jambo moja, na fedha kutoka ni jambo jingine. Katika miaka ya mwanzo kuna miaka ambayo hazikutoka kabisa. Waliendelea kudai. Mwaka 1998 mpango huo ulipangwa upya na kupewa jina jipya, na kufuatia sheria ya mwaka 2015, majimbo yakawa yanagawana takriban dola milioni 84 kwa mwaka.

Tunaloliona la muhimu zaidi kwetu ni namna walivyogawana. Asilimia 30 ya fedha ni kwa njia za vyombo vya moto. Asilimia 30 ni kwa njia za watembea kwa miguu, baiskeli na wapanda farasi. Asilimia 40 ni kwa njia zinazotumiwa na zaidi ya kundi moja. Na kila jimbo linatakiwa kuwa na kamati ambayo ndani yake wamo waendesha vyombo vya moto na wamo wasiotumia vyombo vya moto. Makundi hayo yalikuwa na ugomvi wa kelele, vumbi na mmomonyoko wa udongo, na bado yanao. Lakini yalikubaliana kudai mfuko mmoja, kisha yakagawana.

Tofauti ipo, na hatutaificha. Kwa Wamarekani wengi njia hizo ni za starehe za mwisho wa wiki. Kwetu ni njia za kwenda hospitali, shuleni na sokoni. Kama hoja ya starehe ilisikilizwa bungeni, hoja ya mama mjamzito haina sababu ya kuonewa aibu.

Liberia: njia ya miguu ikawa njia ya pikipiki

Mfano wa karibu zaidi na maisha yetu uko Afrika Magharibi. Katika kaunti ya Nimba nchini Liberia, njia za miguu za kwenda vijiji vya ndani zilipanuliwa na kuwekewa vivuko ili pikipiki ziweze kupita, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Ujerumani, GIZ. Watafiti waliofuatilia waliona kwamba kuboresha njia ya namna hiyo kunagharimu kidogo sana ukilinganisha na barabara ya magari, na kwamba sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanywa na wanakijiji wenyewe kwa jembe, sururu na panga.

Sababu yake inaeleweka. Barabara ya gari inahitaji upana mkubwa, greda, kifusi na daraja la kubeba tani nyingi. Pikipiki inahitaji njia ya upana wa mita moja na nusu hadi mbili, mfereji wa kutoa maji pembeni, na kivuko imara kwenye kila korongo. Adui wa njia hii ni maji. Maji yakitolewa njiani, njia inadumu. Yakiachwa yatiririke katikati, msimu mmoja unatosha kuigeuza kuwa mtaro.

Hapa kwetu Kigoma pia kuna la kujifunza. TARURA, kwa ushirikiano na shirika la Ubelgiji la Enabel, imejenga madaraja kwa mawe yanayopatikana huko huko, kwa gharama nafuu kuliko ya zege na nondo. Kama kijiji chenu kina mawe na mafundi wa kuyapanga, hilo ni jambo la kulitaja kwenye ombi lenu.

Si kila mtu atafurahi

Kabla ya kudai fedha, sikilizeni kwanza wanaopinga. Mzee ambaye njia inapita kwenye shamba lake atauliza kuhusu migomba yake. Akina mama wanaobeba kuni watasema bodaboda wanapita kwa kasi. Wafugaji wataogopa mifugo kugongwa. Wote wana hoja.

Mambo haya yamalizwe kijijini, kwa maandishi, kabla hayajafika kwa ofisa yeyote. Mwenye shamba akiridhia, aweke saini mbele ya mashahidi. Bodaboda wakubaliane mwendo wa kupita karibu na shule na kisima. Nguzo fupi zikichimbiwa mwanzoni mwa njia, magari hayataingia na kuiharibu. Ombi linalofika wilayani huku kijiji kinagombana hurudishwa, na linaporudi mwaka umekwisha.

Hatua za kufuata kijijini

Kwanza, hesabuni. Vijana wawili wakae njiani kuanzia alfajiri hadi jioni, siku ya kawaida na siku ya mnada. Waandike pikipiki ngapi zimepita, baiskeli ngapi, watembea kwa miguu wangapi, wagonjwa wangapi. Pigeni picha za sehemu mbaya kwa simu zenu, mvua ikinyesha na ikiwa imekatika. Pimeni urefu wa njia na mhesabu makorongo.

Pili, lifikisheni kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huu unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hakikisheni suala la njia limeandikwa kwenye ajenda, na baada ya mkutano ombeni nakala ya muhtasari. Jambo lisilo kwenye muhtasari ni kama halikusemwa.

Tatu, lipande hadi kata. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, ndiyo inayokusanya maombi ya vijiji. Hapo ombi lenu litashindana na darasa, choo cha shule na kisima. Ndiyo maana mnahitaji zile hesabu. Kama kijiji jirani kinatumia njia hiyo hiyo, nendeni pamoja.

Nne, mwandikieni meneja wa TARURA wa wilaya, kupitia mtendaji wa kijiji. Ombeni mambo mawili tu: njia ikaguliwe ili iingizwe kwenye orodha, na vivuko vibaya zaidi viingizwe kwenye bajeti. Nakala mpeni diwani, kwa sababu yeye ndiye atakayeuliza kwenye baraza la madiwani.

Tano, wahini. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Lakini mipango ya kijiji na kata huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Mei limechelewa.

Sita, msitegemee mlango mmoja. Mfuko wa Jimbo, ambao kamati yake huongozwa na mbunge, unaweza kusaidia miradi midogo ya wananchi. Pale ambapo TASAF ina miradi ya ajira za muda, walengwa huweza kushiriki kazi za kutengeneza barabara za kijiji. Na nguvu za wananchi zikionekana tayari, mfano mawe yameshakusanywa, ni vigumu kwa kiongozi kusema kijiji hakina nia.

Neno la mwisho

Hatuwaahidi kwamba mkifuata hatua hizi fedha zitatoka mwaka huu. Hata wale Wamarekani walisubiri huku sheria ikiwa mkononi. Lakini tozo mnalipa leo, na mtalipa kesho. Kinachobadilika ni kama mnajulikana kuwa mnalipa.

Kwa hiyo, jioni ya leo, bodaboda wa kijiweni, mama wa kikundi cha vicoba na mwenyekiti wa kitongoji wakae pamoja wajibu swali moja: kwenye njia yetu, kivuko kipi kinatutesa kuliko vyote? Anzeni na hicho kimoja. Kiandikeni, kipigeni picha, kipelekeni mkutanoni. Na mvua za mwakani zikianza, tutumieni ujumbe mtuambie kama kilivukika.