Mtoto Mwenye Kipawa: Sheria Inasema Nini, na Mzazi Afanye Nini?

Walimu wengi wa shule zetu za msingi, kuanzia Kiminini hadi Endebess, wamewahi kumfunza mtoto wa aina hii. Anamaliza hesabu wenzake wakiwa bado wanapiga mistari daftarini. Akikosa kazi nyingine, anaanza kuongea na kuwasumbua walio karibu. Huuliza maswali ambayo hayamo kitabuni. Mwishowe anaitwa mtundu, anaketishwa peke yake, na mzazi anaambiwa aje shuleni.

Huenda mtoto huyo ana kipawa maalum ambacho hakijatambuliwa. Asiposaidiwa, anaweza kuchoka na masomo, alama zikashuka, na hata akaacha shule. Makala haya yanaeleza haki yake na hatua ambazo mzazi na mwalimu wanaweza kuchukua.

Sheria inasema nini?

Wengi wetu tukisikia "mahitaji maalum" tunafikiria ulemavu pekee. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 44, inawahesabu pia wanafunzi wenye vipawa na vipaji vya kipekee miongoni mwa watoto wenye mahitaji maalum. Kwa hivyo mzazi anayeomba mtoto kama huyu asaidiwe haombi upendeleo. Anafuatilia jambo ambalo sheria inalitambua.

Je, kipawa ni kuwa nambari moja darasani?

La. Anayeongoza mtihani anaweza kuwa na kipawa, lakini pia anaweza kuwa mwanafunzi mwenye bidii aliye na vitabu na taa nyumbani. Mtaalamu wa elimu wa Marekani, Joseph Renzulli, alieleza mwaka 1978 kwamba kipawa huonekana pale mambo matatu yanapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na ari ya kushikilia kazi hadi ikamilike.

Nyumbani, angalia mambo haya:

- Mtoto anashika jambo jipya haraka na halisahau.
- Anauliza "kwa nini" na haridhiki na jibu fupi.
- Anatengeneza vitu, anatunga hadithi au nyimbo, au anafungua redio mbovu kuona inavyofanya kazi.
- Akipenda jambo, hulifuatilia kwa siku nyingi bila kusukumwa.

Kipawa kinaweza kujificha. Mtoto asiyesikia au asiyeona vizuri anaweza kuwa na akili kali, lakini watu wakaona ulemavu tu. Msichana anaweza kunyamaza darasani ili asichekwe. Anayekosa shule wakati wa kupanda au kuvuna mahindi hupata alama za chini kwa sababu hakuwepo, si kwa sababu hana uwezo.

Kupanua masomo ni nini?

Kupanua masomo ni kumpa mtoto kazi yenye kina zaidi katika somo analoliweza. Si kumwongezea hesabu 20 zaidi za aina ileile. Hiyo ni adhabu kwa aliyemaliza mapema. Wala si tuisheni ya likizo, ambayo imepigwa marufuku na sheria hiyohiyo.

Chukua mfano wa Gredi ya Tano inayojifunza vipimo. Mtoto aliyemaliza anaweza kupewa kazi hii: gorogoro moja ya mahindi ina uzani gani, na ni gorogoro ngapi zinazojaza gunia la kilo 90? Je, mahindi yaliyokauka vizuri na yale mabichi yana uzani sawa? Muuzaji na mnunuzi, nani anapata hasara yakipimwa kwa gorogoro badala ya mizani? Atapima, ataandika, kisha atawaeleza wenzake. Darasa zima litafaidika, na shule haitagharamika sana.

Nje ya darasa pia kuna nafasi. Makumbusho ya Kitale yana mikusanyo ya viumbe na vifaa vya kale, nyumba za jadi za jamii za eneo hili, na njia ya kutembea msituni. Mashindano ya sayansi, muziki na maigizo ya shule huwapa watoto jukwaa. Kwa majirani zetu wa Bungoma, ngome ya Chetambe karibu na Webuye, mahali pa vita vya mwaka 1895, inaweza kuwa somo zima la historia.

Nani anahusika na nini?

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya kiufundi vya vijijini. Shule za msingi, za upili na elimu maalum ziko chini ya serikali ya kitaifa. Hata hivyo, dalili za kipawa zinaweza kuonekana mtoto akiwa bado chekechea. Mwalimu wa chekechea akiandika anayoyaona na kuyakabidhi kwa mwalimu wa Gredi ya Kwanza, mtoto hataanza upya kama mgeni.

Mzazi afanye nini?

1. Andika unayoyaona nyumbani, pamoja na mifano na tarehe.
2. Zungumza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu. Uliza ni kazi gani ya ziada mtoto anaweza kupewa.
3. Omba aelekezwe kwenye kituo cha tathmini ya elimu, maarufu kama EARC. Ukikwama, uliza katika afisi ya elimu ya kaunti ndogo yako.
4. Usimlinganishe na ndugu zake wala kumnyima muda wa kucheza. Bado ni mtoto.

Usingoje hadi Gredi ya Tisa, mwanafunzi anapochagua mkondo wa shule ya upili ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mtoto ambaye uwezo wake umejulikana mapema atachagua akijijua. Anza kwa kuzungumza na mwalimu wake muhula huu.