Nyumba za kale za Dublin: kuta zilizoshuhudia utajiri na ufukara

Dublin, mji mkuu wa Jamhuri ya Ireland, unasifika kwa safu ndefu za nyumba za matofali zilizojengwa katika karne ya 18. Lakini nyuma ya milango yake yenye rangi za kuvutia imefichika historia ya watu waliobanana, kuta zilizoporomoka na mvutano juu ya kipi kihifadhiwe na kipi kibomolewe.

Nyumba hizo hupewa jina la enzi ya George, kwa kuwa zilijengwa wakati wafalme wanne wa jina hilo walipotawala kwa kufuatana, kuanzia mwaka 1714 hadi 1830. Ireland wakati huo ilikuwa chini ya taji la Uingereza.

Wenye ardhi walikata viwanja vyembamba na kuvikodisha kwa wajenzi, kwa masharti kuhusu urefu wa nyumba na mstari wa kuta za mbele. Mnamo mwaka 1757 iliundwa pia tume ya kusimamia upanuzi wa mitaa. Ndiyo maana sehemu kama Merrion Square, iliyoanza kupimwa mwaka 1762, huonekana kana kwamba ni jengo moja refu, ingawa ilijengwa na mikono mingi.

Kwa nje nyumba hizo hazina makuu. Fahari yote iliwekwa mlangoni: nguzo mbili, na juu yake dirisha la nusu duara linalopeleka nuru ukumbini. Madirisha hueleza mpangilio wa maisha ya ndani. Yaliyo marefu zaidi ni ya ghorofa ya kwanza, palipokuwa na sebule za kupokelea wageni. Kadiri mtu anavyotazama juu ndivyo yanavyopungua, hadi vyumba vya watoto na watumishi. Jiko lilikuwa chini ya usawa wa barabara. Makaa ya mawe yalimwagwa kupitia matundu ya mviringo njiani, yakaangukia ghalani bila kuchafua nyumba.

Mambo yalibadilika kufuatia sheria ya muungano ya mwaka 1800, iliyolifuta bunge la Dublin. Matajiri wengi walihamia London, na nyumba zao, hasa kaskazini mwa mto Liffey, zikagawanywa na kupangishwa chumba kimoja kimoja. Katika nyumba nambari 14 ya mtaa wa Henrietta, iliyojengwa kwa ajili ya familia moja na watumishi wake, sensa ya mwaka 1911 ilihesabu watu 100.

Uchakavu huo uligharimu maisha. Mwezi Juni mwaka 1963, nyumba kuukuu ziliporomoka katika mitaa ya Bolton na Fenian, na watu wanne, wakiwamo wasichana wawili, wakafariki dunia. Ubomoaji ukashika kasi. Mwaka 1965, licha ya upinzani mkubwa, shirika la umeme la taifa lilibomoa nyumba 16 katika mtaa wa Fitzwilliam ili kujenga ofisi zake.

Leo nyingi ya zilizobaki zinalindwa kisheria, lakini sheria pekee haizuii unyevu. Matofali ya kale yaliunganishwa kwa chokaa, ambayo huruhusu maji kutoka ukutani. Anayeziba nyufa kwa saruji huyafungia maji hayo ndani, na tofali huanza kumomonyoka. Matengenezo sahihi yanahitaji mafundi stadi na fedha nyingi.

Nyumba nambari 14 ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2018. Wahifadhi hawakuirejesha yote katika fahari yake ya awali. Mgeni huonyeshwa dari zenye nakshi za mabwana, na pia kuta zilizochakaa za vyumba ambamo familia nzima zilipika, zikalala na kulea watoto. Kwa njia hiyo waliokaa humo kwa dhiki nao wamepata nafasi katika kumbukumbu za mji.